Kitu Kile Kile au Kitu Kama Kile: Juu ya Ubunifu wa Lugha za Maulizo kwa Hifadhidata za Vitu

1. Utangulizi

Neno lugha linapotajwa katika jarida la namna hii, aghalabu msomaji hufikiria Kiswahili, Kikamba, Kidholuo au lugha nyingine iliyozaliwa vinywani mwa watu na kukua kwa karne nyingi bila ya kuamriwa na mtu. Lakini ziko lugha nyingine zilizobuniwa kwa makusudi: watu wachache waliketi, wakakubaliana juu ya msamiati wake, sarufi yake, na hata juu ya mambo yasiyoweza kusemwa kwazo. Miongoni mwa hizo ni lugha za maulizo, yaani lugha ambazo mtu huzitumia kuiuliza kompyuta juu ya habari zilizowekwa ndani yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lugha za maulizo zilivyobuniwa kwa ajili ya hifadhidata za vitu, na kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu. Shabaha yetu si kumfundisha msomaji kuandika programu. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba kubuni lugha ya maulizo si kuchagua maneno tu. Ni kuamua ni maswali gani yanaulizika, ni nani anayeruhusiwa kuyauliza, na jibu litakuwa kitu cha namna gani. Maamuzi hayo yana mfano wake katika Kiswahili, na kwa hiyo mwanafunzi wa lugha anaweza kuyapima kama anavyoyapima mwanahisabati.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya istilahi chache. Hifadhidata ni mkusanyo wa habari uliopangwa ndani ya kompyuta ili uweze kutafutwa. Kitu, kwa maana ya wataalamu hawa, ni mfano wa jambo moja la ulimwengu, kama vile mtoto mmoja au kadi moja, pamoja na sifa zake na matendo yanayoweza kufanywa juu yake. Vitu vyenye sifa na matendo ya namna moja husemwa kuwa ni vya aina moja. Ulizo ni swali lililoandikwa kwa lugha rasmi. Mfano tutakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni wa kituo cha afya chenye kumbukumbu za watoto, mama zao, vijiji wanakotoka na chanjo walizopata.

2. Kutoka majedwali hadi vitu

Katika miaka ya 1960, habari ndani ya kompyuta zilifungamanishwa kama mti wenye matawi au kama wavu. Aliyetaka kujua jambo alilazimika kuifuata njia, fundo kwa fundo, mpaka akafika. Charles Bachman, Mmarekani aliyetunukiwa tuzo ya Turing mwaka 1973, alimfananisha mwandishi wa programu na baharia anayepita katikati ya bahari ya habari. Mfano huo ulikuwa wa sifa, lakini ndani yake mna lawama: asiyejua ubaharia hakuweza kuuliza chochote.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alipendekeza habari zote ziwekwe katika majedwali yaliyo sahili, na muulizaji aseme anachokitaka bila ya kusema kitafutwe kwa njia gani. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, walitangaza lugha ya SEQUEL, ambayo baadaye jina lake lilifupishwa kuwa SQL. Walisema wazi kwamba waliwakusudia watu wasio waandishi wa programu, kama vile wahasibu, wahandisi na wapangaji wa miji. Lugha hiyo ilisanifishwa Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987.

Wakati huohuo upande mwingine wa elimu hii ulikuwa umeshika njia yake. Huko Oslo, katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni Simula, lugha ya programu iliyouchora ulimwengu kwa vitu na aina zake. Katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox, Palo Alto, waliendeleza wazo hilo katika lugha ya Smalltalk. Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa programu alifikiri kwa vitu, ilhali hifadhidata ilimjibu kwa majedwali. Mtoto aliyekuwa kitu kimoja ndani ya programu ilimbidi akatwe vipande na kutawanywa katika majedwali kadhaa, kisha aunganishwe upya kila alipohitajika. Kutooana huku ndiko kulikozaa hifadhidata za vitu.

Mwaka 1984 George Copeland na David Maier walieleza jinsi Smalltalk inavyoweza kufanywa hifadhidata, na kazi hiyo ikazaa mfumo wa GemStone. Huko Ufaransa, mradi wa Altaïr, ulioanza mwaka 1986 chini ya uongozi wa François Bancilhon, ulizaa mfumo wa O2. Mnamo Desemba 1989, katika mkutano uliofanyika Kyoto, Japani, wataalamu sita, wakiwamo Malcolm Atkinson, Bancilhon na Maier, walitoa ilani yenye masharti kumi na matatu ambayo mfumo wowote ungepaswa kuyatimiza ili uitwe hifadhidata ya vitu. Mojawapo ya masharti hayo lilikuwa kwamba mtu aweze kuuliza swali la ghafla, yaani swali ambalo aliyeujenga mfumo hakulitarajia. Njia ya kuuliza, walisema, iwe ya kiwango cha juu, iwe na ufanisi, na isifungwe na kazi moja tu.

Sharti hilo lilitajwa kwa maneno machache, lakini ndilo lililoleta shida kubwa, kama tutakavyoona.

3. Njia, nukta na upatanisho

Tuseme twataka kujua jina la kijiji anakotoka mama wa mtoto fulani. Katika majedwali, muulizaji hulazimika kuunganisha jedwali la watoto na jedwali la akina mama, kisha na jedwali la vijiji, akitaja kila mara ni safu ipi inayolingana na ipi. Katika lugha ya vitu huandika tu:

mtoto.mama.kijiji.jina

Kila nukta ni hatua moja ya kutoka kitu hadi sifa yake. Kiswahili husema jambo hilohilo kwa mpangilio uliogeuzwa: jina la kijiji cha mama wa mtoto. Lugha ya vitu huanza kwa mwenye mali na kumalizia kwa kinachotakiwa. Kiswahili huanza kwa kinachotakiwa na kurudi nyuma hadi kwa mwenyewe.

Lakini kuna tofauti iliyo muhimu kuliko ya mpangilio. Nukta ni ileile daima, ila kihusishi cha Kiswahili hubadilika: la, cha, wa. Kila kimoja kinatangaza ngeli ya neno lililokitangulia. Katika lugha ya maulizo kazi hiyo hufanywa kimyakimya na mfumo wenyewe, ambao hukagua kila nukta kuona kwamba kitu cha aina ile kweli kina sifa iliyotajwa. Mtu akiandika mtoto.kijiji.mama, na ikiwa kijiji hakina sifa ya mama, ulizo hukataliwa kabla ya kutafutwa chochote, kama vile sikio la Mswahili linavyokataa kijiji wa mama kabla ya kufikiria maana.

Faida ya upatanisho wa Kiswahili huonekana zaidi katika urejeshi. Tukisema kitabu cha mtoto kilichopotea, kilichopotea ni kitabu; tukisema kitabu cha mtoto aliyepotea, aliyepotea ni mtoto. Silabi mbili zimeamua. Hata hivyo, ngeli zetu zina kikomo. Tukisema kadi ya chanjo iliyopotea, hatujui kama kilichopotea ni kadi au ni chanjo, maana maneno yote mawili yamo katika ngeli moja. Wabunifu wa lugha za maulizo waliliondoa tatizo hili kwa kumtaka muulizaji akipe kila kitu anachokizungumzia jina la muda: tuseme k kwa kila kadi, c kwa kila chanjo. Kisha huandika k.imepotea au c.imepotea, na shaka hakuna. Majina haya ya muda ni kama ngeli zisizokwisha, kila moja ikitengenezwa kwa swali moja na kutupwa swali likiisha.

4. Kitu kile kile

Katika mpango wa Codd, mstari wa jedwali hutambulikana kwa thamani zilizomo ndani yake. Mistari miwili iliyo sawa kila safu haiwezi kutofautishwa. Ndiyo maana kila jedwali huhitaji ufunguo, kama vile namba ya kadi. Katika hifadhidata ya vitu, kila kitu hupewa utambulisho wake tangu kinapoumbwa, nao haubadiliki hata sifa zake zote zikibadilika. Watoto wawili wenye jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa na kijiji kimoja hubaki kuwa wawili.

Hapa lugha ya maulizo inapaswa kuamua: alama ya usawa ina maana gani? Smalltalk ina alama mbili, moja ya kuuliza kama hiki ni kitu kile kile, nyingine ya kuuliza kama vitu hivi vinafanana. Mwaka 1986 Setrag Khoshafian na Copeland walionyesha kwamba hata kufanana kuna daraja mbili. Kadi mbili zinaweza kufanana kwa juujuu, yaani zote zikielekeza kwa mama yule yule. Au zikafanana kwa kina, yaani zikielekeza kwa akina mama wawili tofauti ambao hata hivyo habari zao zimeandikwa sawasawa.

Msomaji aweza kudhani kwamba Kiswahili kimekwisha lipatia jambo hili dawa, madhali tuna kile kile kwa utambulisho, na kama kile kwa kufanana. Lakini tuchunguze matumizi. Tukisema watoto wa mama mmoja, neno mmoja lina maana ya mtu yule yule. Tukisema watoto wa umri mmoja, neno hilohilo lina maana ya thamani zilizo sawa tu. Tena, tukisema mgonjwa alipewa dawa ile ile aliyopewa dada yake, hakuna anayefikiri kwamba kidonge kilichokwisha mezwa na dada ndicho alichopewa huyu. Ile ile hapa inataja aina ya dawa, si kitu chenyewe. Kwa hiyo kurudufu kionyeshi hakutoshi. Msikilizaji huamua kwa kujua ulimwengu ulivyo.

Kompyuta haikumeza kidonge hata kimoja, wala haijui kwamba kilichomezwa hakimezwi tena. Mfumo ukiulizwa ni watoto wangapi waliopata dawa ile ile, na lugha ikawa imeamua kwamba usawa ni utambulisho, jibu laweza kuwa sufuri. Ikiwa imeamua kwamba usawa ni kufanana, watoto wawili wenye jina moja watahesabiwa kuwa mmoja, na mmoja wao atakosa chanjo. Makosa haya mawili yana sura tofauti, lakini chanzo chake ni uamuzi mmoja uliofanywa na mbunifu wa lugha.

5. Wingi, kila mmoja na utupu

Nukta hufanya kazi vizuri kitu kinapoelekeza kwa kitu kimoja. Mtoto ana mama mmoja aliyemzaa. Lakini mama ana watoto wengi, na kila mtoto ana chanjo nyingi. Je, mama.watoto.chanjo iwe na maana gani? Yaweza kuwa rundo moja la chanjo zote, au mafungu ya chanjo, fungu moja kwa kila mtoto. Kiswahili husema chanjo za watoto wa mama huyu bila ya kuchagua. Wabunifu wa OQL, lugha ya maulizo iliyotangazwa mwaka 1993 na kundi la ODMG chini ya uongozi wa Rick Cattell, na ambayo kwa sehemu kubwa ilijengwa juu ya lugha ya mfumo wa O2, walikataza nukta kuvuka wingi kimyakimya. Muulizaji hana budi kusema: kwa kila m katika watoto wa mama, na kwa kila c katika chanjo za m. Kama alipata mafungu naye alitaka rundo moja, lipo tendo maalumu la kuyafumua.

Kadhalika walitofautisha seti na mfuko. Akina mama kumi wakitoka vijiji vitatu, seti ya vijiji ina majina matatu, ilhali mfuko una majina kumi. Anayepanga safari za kliniki ya kuhamahama anahitaji seti. Anayepanga idadi ya dozi za kupeleka anahitaji mfuko. Lugha inayowachanganya wawili hawa itampeleka mmoja wao njia isiyo yake.

Jambo la tatu ni la neno ote. Sentensi watoto wote hawakupata chanjo ina maana mbili: kwamba hakuna aliyepata, au kwamba baadhi walikosa. Msemaji mwangalifu ataondoa shaka kwa kusema hakuna mtoto aliyepata, au si watoto wote waliopata. OQL inamlazimisha kila msemaji awe mwangalifu kiasi hicho, kwa kuwa ina miundo miwili iliyo mbali, mmoja wa kwa kila na mmoja wa yupo, na mahali pa kikanushi huonekana kwa macho.

Hata hivyo, usahihi wa mantiki una mitego yake. Ukiuliza orodha ya akina mama ambao watoto wao wote wamechanjwa, mantiki itamwingiza katika orodha hiyo mwanamke ambaye hana mtoto hata mmoja, maana hakuna mtoto wake ambaye hajachanjwa. Mswahili asikiapo watoto wao wote huchukulia kwamba watoto wapo. Mashine haichukulii hivyo, na takwimu za kituo zitapanda bila ya mtu kuchanjwa.

Mwisho ni utupu. Tuseme mtoto ameletwa na bibi yake, na sifa ya mama haikujazwa. Ulizo la watoto ambao mama zao wanatoka kijiji fulani halitamwona. Na ulizo la watoto ambao mama zao hawatoki kijiji hicho halitamwona vilevile, kwa sababu katika OQL njia inayopita kwenye utupu huzaa jibu lisilojulikana, na lisilojulikana huchukuliwa sawa na sivyo. SQL nayo ina tabia kama hiyo. Kwa hiyo mtoto huyu hayumo katika fungu la kwanza wala la pili. Yatima ndiye anayepotea kwanza katika hesabu, na lugha haitatoa sauti.

6. Usitiri na haki ya kuuliza

Sasa tumefika kwenye kiini cha mgogoro. Mojawapo ya kanuni kuu za fikra ya vitu ni usitiri: sifa za kitu zifichwe ndani, na wa nje waweze kukifikia kwa matendo yaliyoruhusiwa tu. Umri wa mtoto, kwa mfano, usisomwe kutoka katika tarehe iliyoandikwa, bali kitu mtoto kiulizwe umri wake, nacho kijihesabie. Aliyejenga mfumo akibadili namna ya kuandika tarehe, hakuna programu ya nje itakayovunjika. Kanuni hii ni ya busara, hasa palipo na siri za wagonjwa.

Lakini swali la ghafla, kwa asili yake, ni lile ambalo mjenzi hakulifikiria. Kama hakulifikiria, hakuliandalia tendo. Na kama hakuna tendo, usitiri unalizuia. Muuguzi akitaka kujua kama watoto waliochanjwa siku za mvua hukosa zaidi kurudi, na mjenzi hakuandaa tendo la kutoa tarehe ya ziara, basi muuguzi atanyamazishwa na mfumo ambao ulijengwa kumsaidia. Usitiri uliokusudiwa kulinda kitu umekuwa ukuta dhidi ya mwenye swali.

Wataalamu walilitambua jambo hili mapema. Ilani ya mwaka 1989 ilikubali kwamba katika maulizo ya ghafla haja ya usitiri hupungua. Wabunifu wa lugha ya O2 walipendekeza namna mbili za kutumia lugha moja: mtu anayeuliza papo kwa papo aruhusiwe kuona ndani ya vitu, lakini ulizo lililoandikwa ndani ya programu liheshimu usitiri. Sababu yao ni nzuri: swali la papo kwa papo hupita, wala halina cha kuvunjika kesho, programu hudumu, na lolote inalolitegemea ni rehani.

Kulikuwa na kikwazo cha ufundi pia. Muulizaji asiposema njia, mfumo wenyewe ndio unaochagua njia iliyo ya haraka, kwa kutazama faharasa na wingi wa habari. Lakini kitu kilichositiriwa hakisemi ndani ya tendo lake mna nini. Tendo umri laweza kuwa kutoa namba moja kutoka kwa nyingine, au laweza kuwa kupekua kumbukumbu nzima. Mfumo hauwezi kujua. Hivyo usitiri huinyima mashine uwezo wa kupanga, kama unavyomnyima muuguzi uwezo wa kuuliza.

Mwaka 1990 kundi jingine la wataalamu, akiwamo Michael Stonebraker, lilitoa ilani ya kujibu. Walidai kwamba hifadhidata za vitu zilikuwa zikiwarudisha watu kwenye ubaharia wa Bachman, na kwamba karibu kila anayezifikia habari apitie lugha ya kiwango cha juu. Mtu aweza kuukubali au kuukataa msimamo wao juu ya SQL, lakini onyo lao lilikuwa na uzito. Mfumo usio na lugha nzuri ya maulizo huwa mali ya walioujenga.

7. Jibu ni nini?

Ukiliuliza jedwali, jibu nalo ni jedwali, na kwa hiyo laweza kuulizwa tena. Sifa hii ndiyo iliyoipa SQL nguvu ya kujenga swali juu ya swali. Je, ukiviuliza vitu, jibu ni nini? Ukitaka watoto waliozidi umri wa mwaka mmoja, jibu ni watoto wale wale waliomo ndani, si nakala zao. Lakini ukitaka jina la mtoto pamoja na jina la kijiji cha mama yake, kitu kama hicho hakikuwamo kabla hujauliza. Kimeumbwa na swali. Je, kipewe utambulisho? Kikipewa, swali lile lile likiulizwa mara mbili litazaa vitu tofauti.

OQL ilitatua jambo hili kwa kuruhusu namna mbili. Muulizaji aweza kuomba muundo wa thamani tu, usio na utambulisho, au akaumba kitu kipya kwa makusudi kwa kutaja aina yake. Kisha ikaweka kanuni moja: kila usemi ulio halali ni ulizo, na ulizo lolote laweza kuwekwa ndani ya jingine mradi aina zake zipatane. Hata mbili jumlisha mbili ni ulizo kamili. Isitoshe, OQL haikuwa na maneno ya kubadili habari. Mwenye kutaka kubadili ilimpasa apitie matendo ya vitu vyenyewe. Hivyo usitiri ulihifadhiwa pale ulipohitajika zaidi, kwenye kuandika, na ukalegezwa kwenye kusoma.

8. Hatima ya juhudi hizi

Toleo la mwisho la sanifu ya ODMG lilitolewa mwaka 2000, na kundi lenyewe likavunjwa mwaka 2001. Wakati huo sanifu ya SQL ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha ingiza aina zenye sifa, marejeleo na urithi, na makampuni mengi hayakuona sababu ya kuyaacha majedwali yao. Hifadhidata za vitu hazikutoweka, lakini zilibaki katika pembe za kazi maalumu.

Fikra zake, hata hivyo, zilihamia kwingine. Hibernate, iliyoanza mwaka 2001, na sanifu ya Java ya mwaka 2006 iliyoifuata, humruhusu mwandishi aulize kwa nukta juu ya vitu huku majedwali yakiwa chini. Mwaka 2007 Microsoft iliingiza LINQ ndani ya lugha ya C#, na humo mpangilio ukageuzwa: ulizo huanza kwa kutaja wanaoulizwa, kisha masharti, na mwishowe kinachotakiwa. Sababu ni kwamba mashine ikijua mapema inazungumzia vitu gani, yaweza kumsaidia mwandishi kwa kumwonyesha sifa zilizopo. Mswahili haoni ugeni hapo. Hutanguliza mada bila ya taabu: watoto waliozaliwa mwaka jana ambao hawajapata chanjo ya surua, nipe majina yao.

9. Hitimisho

Yawezekana msomaji akauliza: haya yote yanatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi wa lugha za Kiafrika? Jibu letu ni hili. Katika miaka ya 2020 zimeenea programu zinazompokea mtu na swali lake kwa lugha ya kawaida, Kiswahili kikiwamo, na kuligeuza kuwa ulizo rasmi. Muulizaji hulipata jibu bila ya kuliona ulizo. Na hata akilionyeshwa, aghalabu hawezi kulisoma. Uchaguzi uliokuwa wazi katika OQL, kati ya seti na mfuko, kati ya hakuna na si wote, kati ya kitu kile kile na kitu kama kile, sasa hufanywa na mashine kimyakimya, nayo imejifunza mazoea yake hasa kutokana na Kiingereza.

Kuyafasiri maneno select, from na where kwa Kiswahili ni kazi ndogo, na mtu aweza kuimaliza kwa siku moja. Kazi iliyo kubwa ni kueleza kwa ukamilifu ni wapi Kiswahili kinaamua na ni wapi kinamwachia msikilizaji aamue: urejeshi unapotosha na unaposhindwa, neno moja linapotaja utambulisho na linapotaja usawa, ote inapochukulia kwamba watu wapo. Hiyo ni kazi ya sarufi na semantiki, nayo ni yetu. Isipofanywa, muuguzi atauliza kwa lugha yake, atajibiwa kwa lugha yake, na yatima yule ambaye mama yake hakuandikwa hatakuwamo katika jibu.